Ukurasa Niliouruka

3 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo.

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Ile hesabu ya Januari, iliyosema kigari cha mashine ya kuchonga kina miaka sita mbele yake, niliifanya vibaya. Kuna ukurasa mmoja wa daftari lako sikuuelewa, nikauruka. Kisha nikaweka sahihi yangu chini kwa wino na kupiga mstari, kama mtu anayejua.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu zote nitafika mwisho wa karatasi sijalisema. Unanijua. Ningepiga simu, lakini kwenye simu koo langu linafunga, wewe unasema halo, halo, halo, mpaka unakata.

Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana barua ya Januari nilikupa utamu tu. Ulipoondoka kwenda kufunga mashine huko, Msimamizi alinipa kiti chako na daftari lako. Alisema binti aliyetoka shule juzi bado ana hesabu kichwani. Mashine yako ilikuwa inachonga povu gumu la kutengenezea miguu ya bandia, lakini ya watoto na watu wembamba tu. Mwenye paja nene tulikuwa tunamwelekeza kwingine, mwendo wa siku mbili. Ndipo akaja mtu mmoja, mpaka rangi wa nyumba, bonge la mtu, aliyepoteza mguu juu ya goti. Povu lake lilikuwa nene mno, kisu hakilifikii. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akasema, "Kumbe hapa mnatengeneza miguu ya kuku." Watu walicheka. Yeye alicheka kidogo tu.

Mimi nikaona mkono wa mashine una matundu mengine ya bolti, nje zaidi. Mota ikihamishwa kutoka sentimita kumi na tano hadi thelathini, kisu kinafika. Msimamizi akaniambia niandike kama kigari, kile kinachobeba mkono na kuteleza kwenye reli, kitahimili. Daftari lako lina kurasa mbili za hesabu hiyo. Wa kwanza ni wa uzito. Mota ni kilo sita, ukiisogeza bado ni kilo sita, kwa hiyo nikapata miaka ileile uliyoipata wewe. Wa pili una kichwa "Momenti", herufi nyingi na mchoro wa mkono. Niliusoma mara tatu. Nilitaka kukuandikia nikuulize, nikaona haya. Nilihisi utajua kwamba kiti hiki hakikunifaa.

Tangu hapo tumechonga mapaja kumi na moja ya watu wanene. Mpaka rangi anatembea. Siku alipotoka mlangoni kwa miguu yake watu walinipigia makofi, nami nikasema mbele yao sentensi mbili nzima.

Jumanne iliyopita kigari kiligonga, kikakwama katikati ya reli, na gololi zake zikamwagika sakafuni. Msimamizi akaleta karatasi yangu. "Hapa pameandikwa miaka sita," akasema. "Hata nusu mwaka haujafika. Basi hakikupakwa grisi." Na grisi ni kazi ya Mzee Grisi peke yake. Tena stoo imetoa mikebe minne ya grisi tangu Machi, wakati zamani mmoja ulitosha. Kwa hiyo wanasema anaibeba nyumbani kwake. Ameambiwa mwisho wa mwezi huu aondoke.

 Mzee alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Karatasi yangu ndiyo inayomfukuza, Mama Mdogo. Sijui nifanyeje. Mama anadhani nina homa, ananipa dawa, nami nakunywa.

Mwanao,
Kimya


9 Juni

Kimya mwanangu,

Marahaba. Barua imekuja na gari la vifurushi. Bahasha ina alama ya kidole chenye grisi, nikajua ni yako kabla sijasoma jina.

Nataka unijibu kwanza. Ile reli ya zamani bado ipo, au wameitupa? Kama ipo, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uipeleke dirishani penye mwanga. Ina mifereji minne ambamo gololi hupita: miwili upande wa juu, miwili upande wa chini. Katika kila upande, mmoja uko ndani, karibu na boriti ilikofungwa, na mwingine uko nje. Pitisha ukucha katika kila mfereji, taratibu, mahali kigari kilipokuwa kinafanya kazi zaidi. Niambie upi umechubuka na upi ni laini. Niambie na rangi. Ukiona kutu andika kutu.

Na zile gololi zilizomwagika, zilikuwa kavu au zina grisi?

Kisha nipe tarehe mliyohamisha mota na tarehe kigari kilipokwama. Sitaki "hata nusu mwaka" ya Msimamizi, mtu ambaye hata umri wa wanawe anakisia.

Usitafune kucha. Safari hii unazihitaji.

Mama Mdogo


14 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua umekasirika. Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta neno "pole" na halipo. Nimestahili. Hata hivyo nimefanya ulivyosema.

Reli ilikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Niliitoa saa ya chakula, watu walipokwenda kula. Upande wa juu, mfereji wa ndani umebanduka maganda madogo, kama ukuta uliopigwa chokaa vibaya, na ukucha unakwama. Mfereji wa nje wa upande huohuo ni laini, unaweza kujitazama. Upande wa chini ni kinyume: wa nje umebanduka, wa ndani ni mzima. Nimechora nyuma ya karatasi hii. Ukiunganisha mifereji mibovu kwa mstari, mstari unakwenda mshazari. Kutu hakuna hata chembe.

Gololi nilizokusanya ni arobaini na moja, nimezitia kwenye kikombe changu cha chai. Zote zina grisi, nyingi sana. Zilinata vidoleni mpaka nikanawa mara mbili.

Tulihamisha mota tarehe 8 Januari. Kigari kimekwama tarehe 27 Mei.

Nilipokuwa nafuta reli, Mzee Grisi aliingia kuchukua ufagio. Bado anakuja kila siku, saa moja kamili, na anafagia hata pasipo pake. Akasimama akanitazama.

"Unaosha maiti?"

Nikasema, "Naangalia tu, Mzee."

"Angalia. Ila umeshika kitambaa cha kufutia dirisha, na wenyewe wana maneno." Akanipa kingine kutoka mfukoni mwake. Akangoja. Nilifungua mdomo, na nakuambia kweli, nilikuwa na sentensi yote tayari.

"Koo?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi liache. Likitaka litafunguka lenyewe." Akachukua ufagio wake akaenda.

Nilikaa pale na reli mapajani mpaka kengele ikalia. Ni kizito chuma kile, Mama Mdogo, lakini nilitamani kiwe kizito zaidi.

Zimebaki siku kumi na sita.

Kimya


19 Juni

Mwanangu,

Sikukasirika. Mimi nikikasirika siulizi maswali, nanyamaza, muulize mama yako. Nilikuuliza kwa sababu reli haina aibu wala haina rafiki, nami nilitaka isikike kabla yangu na kabla yako.

Sasa imesema. Kama tatizo lingekuwa grisi, mifereji yote minne ingekauka na kulika pamoja, na ungeona kutu. Hapa imelika miwili tu, mshazari. Maana yake kigari kilikuwa kinapinduliwa. Mota ilikuwa inakivuta kwa juu kitoke kwenye boriti na kukikandamiza kwa chini kiingie, kila siku. Gololi za mifereji miwili zilibeba kila kitu, nyingine zilikuwa zinatalii.

Ukurasa ule uliouruka si mgumu. Nimeuandika vibaya tu. Chukua ndoo, itie maji nusu. Ishike huku kiwiko kimebana mbavu. Halafu nyoosha mkono uliobeba ndoo mbele yako. Maji hayajaongezeka hata tone, lakini bega linaomba msamaha. Huko kuzidi ndiko momenti: uzito mara umbali. Wewe ulitazama uzito, ukauona haujabadilika, na kweli haujabadilika. Umbali ndio umekuwa mara mbili.

Na hapa ndipo watu wazima wengi huanguka, sembuse wewe. Mzigo ukizidi mara mbili, maisha ya kigari hayagawanywi kwa mbili. Yanagawanywa kwa nane. Miaka yako sita inakuwa miezi tisa. Povu gumu nalo linapiga kisu, na mkono mrefu unakuza kila pigo, kwa hiyo mimi ningekipa kigari hicho miezi mitatu. Tarehe zako zinasema kimeishi minne na nusu na ushee.

Tangu jana nauwaza huo mwezi na nusu uliozidi. Grisi haiondoi momenti. Lakini grisi safi, kila asubuhi, badala ya mara moja kwa wiki, inaweza kumchelewesha mgonjwa asife upesi. Unauliza mikebe minne imekwenda wapi? Ilikuwa vidoleni mwako, ukanawa mara mbili.

Sasa langu. Yale matundu ya nje niliyatoboa mimi. Nilikusudia siku moja kuongeza reli ya pili, ndipo mota ihamie huko. Sikuandika popote kwamba bila reli ya pili yasiguswe. Na Januari uliponiandikia kwamba mmeyatumia, nilisoma, nikajibu hongera. Mimi, fundi wa miaka kumi na tisa. Unajua kwa nini? Kwa sababu ulikuwa umeandika kurasa tatu. Wewe, ambaye kadi zako za sikukuu zina maneno matano. Nilifurahi mpaka nikasahau kusoma ulichoandika.

Kwa hiyo hakuna wa kumpa mwenzake pole. Tugawane.

Nikimwandikia Msimamizi mimi, ataamini siku hiyohiyo. Ukiandika wewe, haijulikani. Lakini sahihi ni yako, na naona ungependa uifute kwa mkono wako. Nitangoja hadi tarehe 26. Ikipita kimya, nitaandika mimi, maana mzee hawezi kufukuzwa kwa sababu sisi wawili tunaona haya.

Mama Mdogo wako


23 Juni

Kwa Msimamizi wa Karakana,

Yah: Kigari cha mashine ya kuchonga

Mheshimiwa,

Naandika kueleza kwamba hesabu niliyokupa tarehe 7 Januari ina kosa, na kosa ni langu. Nilihesabu uzito wa mota bila kuhesabu umbali wake kutoka kwenye reli. Kulikuwa na ukurasa wa kuhesabia umbali na sikuutumia, kwa sababu sikuuelewa na sikuuliza. Kwa mkono wa sentimita thelathini, kigari kilistahili kuishi miezi mitatu hivi, si miaka sita.

Grisi haikukosekana. Reli ya zamani inaonyesha hivyo, na niko tayari kuileta. Gololi pia ninazo, kwenye kikombe.

Kwa hiyo mtu aliyesababisha kigari kuvunjika si Mzee Grisi. Ni mimi. Kama kuna wa kuondoka mwisho wa mwezi, naomba uangalie upya ni nani.

Samahani kwa kuandika ilhali tunakaa vyumba viwili jirani. Kwa mdomo nisingefika mwisho.

Wako mtiifu,
Msaidizi wa mashine


24 Juni

Msaidizi,

Njoo ofisini kesho saa nne. Njoo na reli. Kikombe pia.

Mzee nimemwita.

Msimamizi


27 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo nyingi. Sijui nianzie wapi, mkono wangu unataka kuandika kila kitu kwa pamoja.

Niliingia ofisini na reli begani, kikombe mkononi. Mzee Grisi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, kofia gotini. Msimamizi akasema, "Haya, nieleze." Koo likafunga palepale. Nikaweka reli mezani juu ya makaratasi yake. Nikaonyesha mifereji kwa kidole, huu na huu, huu na huu. Alivaa miwani, akapitisha ukucha, akasema, "Naona umelika. Vitu hulika."

Basi nikatoka. Alifikiri nimekimbia, nilimsikia akisema "Sasa huyu naye." Nikarudi na ndoo ya kusafishia, imejaa maji nusu, nikampa. Akaipokea, nadhani kwa sababu mtu akipewa ndoo huipokea. Nikamkunjia kiwiko kibane mbavu. Kisha nikamnyoosha mkono. Mimi, nikamshika Msimamizi shati.

Alikaa hivyo. Ndoo ikaanza kuyumba.

"Mpaka lini?" akauliza.

Mzee Grisi akajibu kutoka kitini, "Miezi minne na nusu."

Mama Mdogo, nilicheka. Kicheko kikatoka na koo likafunguka nacho. Nikasema yote: uzito mara umbali, mara mbili kuwa mara nane, mwezi na nusu uliozidi, mikebe minne. Nilisema kwamba ukurasa niliuona na nikauruka. Sijui nilisema kwa muda gani. Nilipomaliza Msimamizi bado alikuwa ameshika ndoo, ila chini.

Akamgeukia Mzee. "Ulikuwa unapaka kila siku?"

"Asubuhi na saa nane."

"Na mimi nakuambia umeiba, unanyamaza. Ungesema, Mzee."

"Ungeuliza," Mzee akasema. "Uliniambia. Hukuniuliza."

 Msimamizi akafungua droo akatoa ufunguo wa stoo, ule wa kufuli jipya alilonunua baada ya mambo haya, akauchomoa kutoka kwenye fungu lake na kuuweka mbele ya Mzee. Akasema, "Nimekukosea."  Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo, na naona hata yeye alilisikiliza.

Mimi nilingoja zamu yangu. Akaniambia, "Wewe kiti bado ni chako. Hesabu utaifanya upya, kurasa zote, na Mama yako Mdogo ataipitia. Na siku nyingine usiponielewa, au usipoelewa kitabu, njoo uniambie sijaelewa. Ni neno moja tu, koo lako linalimudu."

Mapaja ya watu wanene yamesimama mpaka ipatikane njia. Wako watatu kwenye orodha, mmoja ni mama mwenye mtoto wa kunyonya. Nimemwandikia kila mmoja barua kueleza kwamba ucheleweshaji ni kosa langu. Mama mwenye mtoto, anayekaa karibu, amejibu kwamba afadhali kusubiri kuliko mguu wa kubahatisha.

Nilipotoka ofisini nilimfuata Mzee stoo. Nikamwambia asante. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza kwangu pia, tangu mwanzo. Akasema atakujibu wewe, kwa maandishi, maana mambo ya watoto huzungumzwa na wazazi.

Usiku wa kuamkia leo nimelala usingizi mzito, sijanywa dawa ya homa. Mama nimemwambia yote. Alisema, "Nilijua si homa, lakini dawa ilikuwa ya minyoo, haina hasara."

Kimya


28 Juni

Kwa fundi aliyeondoka,

Salamu zako. Mwandiko wangu ni mkubwa kwa sababu miwani ni ndogo.

Mtoto ananiuliza kwa nini sikusema. Nakujibu wewe.

Mwezi wa tatu nilisikia mashine inagonga. Si kelele, ni kama mtu anabisha hodi kwa ukucha. Nimepaka grisi mashine kabla hujaja wewe, nikajua hii si njaa ya grisi. Ni mzigo. Hesabu zenu sizijui, lakini nilijua ni tangu mota isogee nje.

Nilikuwa naenda kumwambia mtoto. Asubuhi ileile akapita getini akaniambia, "Shikamoo Mzee, umeamkaje?" Yeye kwanza. Tangu aje, mimi ndiye nilikuwa namsemesha, naye anaitikia kwa kichwa kama mjusi. Siku ile alisimama hata akaniuliza habari za goti langu. Nikaona nikimwambia mashine inaumwa kwa ajili yake, atarudi ndani kama kobe na hatatoka tena. Nikasema ngoja niipake. Kesho nikasema tena ngoja.

Sitaki mnisifu. Nilikosea. Kigari kingeweza kukatika mtu akiwa chini yake. Mungu kasaidia zimemwagika gololi tu. Mtu akijua mashine inaumwa, aseme. Nimemwambia Msimamizi hivyo pia, naye amesema sote tumesikia.

Ombi langu: usimgombeze. Alipoingia na ile ndoo, nimefanya kazi miaka mingi, sijaona somo zuri kama lile.

Mpaka grisi wa karakana


6 Julai

Kimya mwanangu,

Marahaba. Barua yako na ya Mzee zimefika pamoja. Ya Mzee nimeisoma nimesimama.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Usikiangushe. Ndani mna reli mbili mpya na vigari vinne. Msimamizi wa huku amekubali nivichukue badala ya siku zangu za kupumzika, na siku za kupumzika kwangu huwa nalala tu, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Fungeni reli moja juu, nyingine chini yake sambamba, sentimita ishirini katikati, vigari viwili kila moja. Hapo mkono hautakipindua kigari kimoja tena. Reli ya juu itavutwa, ya chini itasukumwa, na gololi zinajua kuvutwa na kusukumwa kuliko kusokotwa.

Kabla ya kufunga, Mzee ashike kila kigari akitembeze kwenye reli kwa mkono, asikilize. Sikio lake liingizwe kwenye utaratibu. Na kadi ya mashine iwe na mahali pa mwenye kupaka grisi kuandika alichosikia, si alichopaka tu.

Hesabu ufanye peke yako. Kurasa zote mbili, nami nimeuandika upya ule wa pili, umo ndani ya kifurushi, na safari hii una ndoo. Ukikwama uliza. Ukinitumia barua yenye neno "sijaelewa" nitaibandika ukutani.

Mama Mdogo


29 Julai

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Utaona kwenye karatasi ya hesabu kwamba nimeandika "sijaelewa" mahali pawili. Pa kwanza Msimamizi alinieleza, akakosea, tukacheka, tukaelewa wote. Pa pili nakungoja wewe, ila hapagusi jibu.

Reli zimefungwa. Ilituchukua siku tatu kuzinyoosha ziwe sambamba. Mzee Grisi alipitisha vigari vyote kwa mkono, macho amefumba, akakirudisha kimoja mara tano. Alisema kina mchanga. Tulikiosha, na kweli ilitoka chembe moja, ndogo kuliko nukta hii. Sasa mota iko kwenye matundu ya nje, na mkono hautetemeki. Msimamizi aliweka glasi ya maji juu ya boriti wakati kisu kinakata, maji yakatulia, akaiacha pale mpaka jioni ili kila anayepita aone.

Jana mama mwenye mtoto wa kunyonya alijaribu mguu wake. Alinipa mtoto nimshike, akashika vyuma vya kando, akaenda hatua sita na kurudi sita. Kisha akasimama katikati na kuachia mikono. Akasema, "Nipe mwanangu." Nikampa. Akakaa amesimama hivyo, mtoto begani, haendi popote.  Mzee Grisi alikuwa anapaka grisi mahali alipokuwa amekwisha paka.

Nataka kukushukuru na sijui kushukuru kwa kifupi. Kwa reli na vigari, na kwa siku zako za kupumzika. Kwa kuniuliza maswali badala ya kunipa pole, pole ningeilalia. Kwa kusema matundu ni yako. Mzee nilimshukuru kwa mdomo, mara tatu, ya tatu akasema inatosha, grisi yenyewe hupakwa kiasi.

Sasa kuna jambo, na hili nalo sijamwambia mtu.

Hesabu utakayoipitia inasema vigari hivi vitafika miaka kumi na moja kabla ya kuhitaji kufunguliwa. Nimeihakikisha, kurasa zote. Lakini kwenye kadi iliyotundikwa kwenye mashine nimeandika "vifunguliwe na kukaguliwa baada ya miaka tisa". Safari hii sikuruka kitu. Kukagua mapema hakumdhuru mtu. Miaka tisa ikifika Mzee atakuwa amekwisha pumzika nyumbani na goti lake, na mtu mwingine atafungua vigari vile akitegemea kuona vimechoka. Atakuta mifereji yote minane laini. Atauliza imekuwaje, na wakubwa watamwambia palikuwa na mzee hapa alipaka grisi vizuri mno, mashine ikaishi kuliko hesabu.

Nayo itakuwa kweli, kwa sababu mara moja aliwahi kufanya hivyo na hakuna aliyemsifu.

Kwa hiyo ukipitia karatasi zangu, tia sahihi kwenye kumi na moja, kisha zifungie kwenye sanduku lako. Msimamizi akikuuliza, sema umeona kadi na umeridhika. Mama usimwambie, hawezi kukaa na jambo zuri mdomoni. Na Mzee hasa asijue. Nakuomba, Mama Mdogo, hii miaka miwili ya tofauti ibaki kati yangu na wewe.

Mwanao,
Kimya